Kithembe Kilichonunuliwa Mchana wa Ramadhani

Pale Mutomo, katika miaka ya sabini, mtu akitaka asali aliulizwa swali kabla ya kuulizwa chombo. Swali lenyewe lilikuwa fupi: "Ya nini?" Aliyeuliza alikuwa Athumani Ndululu, na hakuuliza kwa udadisi. Dini yake ilimkataza pombe, na kwa maoni yake mtu anayemuuzia mpika pombe asali huku akijua inakokwenda amekwisha kushika ukingo mmoja wa mtungi.

Lazima nieleze, kwa wasioijua nchi yetu, kwamba kuuza asali Ukambani na kuwakataa wapika pombe ni sawa na kuuza majembe na kuwakataa wakulima. Asali yetu tangu zamani ina njia tatu: mahari, dawa na pombe, na ya tatu ndiyo barabara kuu. Athumani aliifunga barabara kuu, akabaki na vichochoro viwili, akamshukuru Mungu kwa vichochoro.

Matokeo yake ni kwamba Mutomo nzima ilishikwa na kikohozi.

"Ya nini?"

"Ya kikohozi, Bwana Athumani."

"Pole sana. Hebu nikisikie."

Mteja alikohoa. Wengine walikohoa vizuri, kwa mazoezi. Athumani alimpimia chupa moja.

"Lakini mimi nilitaka debe."

"Kikohozi cha debe kipeleke hospitali ya mission. Hapa natibu cha chupa."

Palikuwa na mfanyabiashara mmoja kutoka Murang'a, jina lake Gachanja, aliyekuja na lori kila msimu kutafuta asali ya muratina, pombe ya wazee wa kwao. Hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba hakujua kukohoa.

"Ya nini?"

"Ya muratina, mzee. Si unajua?"

"Nashukuru kwa ukweli wako. Karibu chai."

Gachanja alinyweshwa chai, akapewa na mkate, akaondoka na lori tupu. Msimu uliofuata alirudi. Nadhani alikuwa akiifuata ile chai.

Uislamu wa Athumani haukutoka pwani, kama wengi walivyodhani. Baba yake, Mkamba wa Mutomo kama sisi, alikwenda Kibwezi kukata kuni za gari moshi, akarudi na kanzu, jina jipya na imani kwamba siku ina sala tano. Ukoo ulimsamehe kanzu. Athumani alizaliwa humo humo, akakua kati ya Waislamu ambao siku ya Ijumaa hawakujaza safu mbili, katika msikiti wa mabati uliokuwa na joto la kumkumbusha mtu mambo ya akhera. Duka lake lilikuwa na chumvi, viberiti na mafuta ya taa, lakini kilichompa jina ni ukuta wa nyuma, ambako vithembe vilisimama kwa safu. Kithembe ni kipande cha gogo kilichochongwa ndani na kuzibwa kwa ngozi, na hakuna chombo kingine ambacho mzee wa Kikamba ataheshimu asali iliyomo.

Kabla ya kutaja bei, Athumani alitaja kasoro. "Hii waliirina kwa moto mwingi, ina moshi." "Hii ni ya mwaka jana." "Hii ina uchungu kidogo, nyuki walikosa maua wakala walichopata." Mteja aliyekuja amekwisha kuamua kununua aliondoka akiwa na mashaka.

"Wewe huuzi asali," mkewe Zaituni alimwambia siku moja mbele yetu. "Unaisengenya."

Athumani alijibu kwamba mfanyabiashara mkweli amewekewa nafasi karibu na manabii, na kwamba kwa jinsi anavyoliona soko la Mutomo, huko hakutakuwa na msongamano.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kanisa, mwimbaji wa sauti ya tatu. Mwaka wa 1977 nilimchumbia Ndila, mwalimu mwenzangu, binti wa Mzee Nzioka wa Kikima, kule milima ya Mbooni. Siku hizo Makueni ilikuwa bado ni sehemu ya Machakos, na Mbooni kulikuwa na maji, kahawa, na maoni makali kuhusu watu wa Mutomo, ambako kuna mbuzi. Mzee Nzioka alikuwa mzee wa kanisa. Katika mahari hakutaka pombe hata ya kunusa. Badala yake alitaka kithembe kimoja cha asali safi, ili kila nyumba ya ukoo wake ipate fungu lake kama desturi inavyotaka.

"Na itoke kwa yule Mwislamu wa Mutomo," alisema. "Nimesikia habari zake."

Katika kanisa letu walikuwamo wauza asali wanne. Hakuna aliyetajwa.

Nilimwendea Athumani mwezi wa Agosti, nikaulizwa swali, nikajibu bila kukohoa. Akafurahi. Alipata kithembe wiki hiyo hiyo kutoka kwa Mutie, mrina asali wa upande wa Ikutha, aliyekuwa akimletea asali kwa miaka kumi na miwili bila lawama. Mutie alikileta saa sita mchana.

Hapa ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa uchaji Mungu. Kila kithembe Athumani alikionja mwenyewe. Alitumbukiza kijiti juu, katikati na chini, akaweka ulimini, akafumba macho, na angeweza kukwambia nyuki walikuwa kwenye migunga au kwenye mikunazi. Lakini huo ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na saa sita mchana ulimi wa Athumani ulikuwa umefunga pamoja naye. Mutie alikuwa Mkristo wa jina tu, ila kalenda ya Kiislamu aliijua kuliko imamu. Athumani aliitazama rangi, akaitazama inavyoteremka kutoka kwenye kijiti, akaona uzi haukatiki. Akamtazama Mutie, akaona miaka kumi na miwili. Akapokea.

Asali ile nilikwenda nayo Kikima mwezi wa Septemba pamoja na wazee wetu na mbuzi. Ilipokewa kwa nyimbo. Mzee Nzioka mwenyewe aligawa, nyumba kwa nyumba, nyumba ishirini na tatu. Harusi ikapangwa Desemba. Nilirudi Mutomo nikifundisha kwa furaha, jambo ambalo wanafunzi waliliona likawatia wasiwasi.

Mwezi wa Oktoba Mutie akaokoka.

Ilikuwa katika mkutano wa injili huko kwao, na desturi ya mikutano ile ni kwamba anayeokoka huwaendea aliowakosea akawaambia. Mutie alitembea hadi dukani, akakataa kiti.

"Bwana Athumani, nimeokoka."

"Alhamdulillahi. Umeokoka na nini?"

"Na sukari guru."

Athumani hakuelewa. Mutie akaeleza, huku uso wake ukizidi kung'aa kwa kutua mzigo. Mwaka ule nyuki walikuwa wamehama nusu ya mizinga yake. Akachemsha sukari guru, akachanganya, theluthi moja ya sukari kwa theluthi mbili za asali. Asali nyingine zote za miaka ile zilikuwa safi. Hicho kimoja tu. Na mwezi na saa alivichagua kwa makusudi.

"Basi nimeungama," akasema Mutie. "Nimesamehewa."

"Umesamehewa na Mungu, na mimi pia nimekusamehe. Lakini ile asali ilikwenda kwenye mahari ya mwalimu."

"Aa, hiyo sasa ni yako na mwalimu," akasema Mutie, akaenda zake akiimba.

Athumani alifunga duka saa nne asubuhi, kitu ambacho hakikuwahi kutokea siku isiyo Ijumaa, akaja shuleni. Nilikuwa darasa la sita nafundisha hesabu za sehemu. Nilitoka nje na chaki mkononi.

"Mwalimu, ile asali ilikuwa na sukari guru."

"Ipi?"

"Yako ya mahari."

Akanieleza yote. Nilisikiliza, na nikauliza swali ambalo nililiona kuwa la akili.

"Nani anajua?"

"Mutie, mimi, wewe, na Mwenyezi Mungu."

"Basi tuachie hapo. Hao wanne wanatosha."

Alinitazama kwa huruma, kama alivyowatazama watu wa kikohozi.

"Mzee," nikamwambia, "asali imeliwa. Hakuna aliyelalamika."

"Hawakulalamika kwa sababu waliniamini. Ndiyo ubaya wenyewe huo. Nitakwenda Kikima kuwaambia."

Naomba msomaji anielewe nilivyosimama pale. Kwetu kitu kibovu katika mahari si kitu kibovu, ni tusi. Ukoo wa Nzioka wakiona wamedharauliwa, wangeweza kurudisha mbuzi wote na kumweka binti yao nyumbani, na watu wa Mbooni hawakuhitaji sababu nyingi ya kuwadharau watu wa Mutomo. Nilimpenda Ndila. Mtu mmoja tu duniani alikuwa na nia ya kwenda kuniharibia, na alikuwa mtu mwema. Dhidi ya mtu mbaya ningejua la kufanya.

Nilimkimbilia Zaituni. Nilimkuta amekwisha kuambiwa, na alikuwa upande wangu kwa sababu zake.

"Baba Fatuma, ukienda huko, duka limekwisha," alimwambia mumewe. "Watu hawatakumbuka kwamba ulisema. Watakumbuka sukari."

"Pengine."

"Pengine nini? Na huyu mtoto wa watu unamkosesha mke!"

"Nikinyamaza, kila nitakapomwambia mtu asali hii ni safi, nitakuwa namwambia uongo hata ikiwa ni safi kweli."

Zaituni alisema maneno ambayo sitayaandika. Asubuhi ya safari nilimkuta amemfungia mumewe mikate na chupa ya chai, na mimi pia amenifungia, kwa sababu alisema mjinga mmoja hawezi kuachwa asafiri peke yake.

Ndiyo, nilikwenda naye. Ilikuwa siku za sikukuu ya Oktoba na shule ilikuwa imefungwa. Nilijiambia nakwenda kumsaidia kubeba, maana alichukua kithembe kilicho bora kuliko vyote dukani, alichokionja mara tatu, Ramadhani ikiwa imekwisha. Ukweli ni kwamba nilikwenda ili nipate muda wa kumgeuza. Kutoka Mutomo kwa lori hadi Kibwezi, kisha basi la barabara ya Mombasa, kisha kupanda milima, muda ulikuwepo wa kutosha kumgeuza hata mbunge.

Kibwezi nilimshauri tuipeleke asali mpya kama nyongeza ya upendo, bila maelezo.

"Zawadi ya kufunika kasoro ni kifuniko," akasema. "Si zawadi."

Mbele kidogo nilimshauri tuseme baada ya harusi.

"Baada ya harusi utaniambia baada ya mtoto wa kwanza. Wewe ni mwalimu, unajua kuahirisha."

Tulipoanza kupanda kwenda Kikima nilimwambia kwamba hata katika dini yangu kuna wakati wa kunena na wakati wa kunyamaza. Akasema hilo ni jambo zuri, akaniomba nitumie wakati wa pili.

Mzee Nzioka alitupokea kwa mshangao na chai. Alipoona kithembe alidhani wazee wetu wamekosea hesabu za mahari, na akafurahi. Kwa heshima ya mgeni aliita ndugu zake. Wakaja wanaume tisa au kumi, na wanawake wakakaa upande wa jikoni, akiwamo dada yake Nzioka, Mutindi, mjane mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Ndila alikuwa ndani jikoni. Nilisikia vikombe, na nilijua ni yeye kwa jinsi vilivyokuwa havigongani.

Athumani alisimama, akavua kofia, akaikumbuka dini yake akaivaa tena.

"Mzee Nzioka, na ninyi wazee," akasema. "Asali mliyopokea mwezi uliopita niliiuza mimi. Nilisema ni safi. Haikuwa safi, ilikuwa na sukari guru. Sikujua, lakini kazi yangu ni kujua. Nimeleta nyingine. Nimekuja kuomba radhi."

Akakaa. Pale nje kuku alikuwa akitaga na kuitangazia dunia, na kwa muda huyo ndiye aliyekuwa msemaji pekee.

"Sukari guru," akasema mzee mmoja polepole, kama mtu anayeionja tena. "Katika mahari ya binti yetu."

"Nilisema mimi!" akadakia mwingine. "Mutomo! Nilisema! Watu wa kula vumbi hao!"

"Wewe ulisema nini? Wewe ulimaliza fungu lako ukaomba na la jirani!" akasema Mutindi kutoka jikoni, na wanawake wakacheka, na wanaume wakakasirika zaidi kwa kuwa kumechekwa.

Mzee Nzioka aliinua mkono. Alikuwa mtu wa kusuluhisha mambo ya kanisa, na anayeweza kusuluhisha kwaya anaweza kusuluhisha chochote.

"Bwana Athumani, ulijua lini?"

"Wiki iliyopita, Jumanne."

"Na huyu kijana wetu?"

"Siku hiyo hiyo. Nilimwendea shuleni."

"Akasemaje?"

Sijawahi kuogopa jibu la mtu kama nilivyoliogopa lile. Niliyajua maisha ya Athumani: mtu ambaye hawezi kuificha asali moshi wake hataficha maneno yangu. Aligeuka akanitazama kwa kitambo.

"Maneno yake ni mali yake," akasema. "Muulize mwenyewe."

Nilisimama. Nina uwezo wa kuongea mbele ya watu. Nalipwa kwa kazi hiyo. Nilikuwa na sentensi nzuri tayari, yenye neno "mshtuko" na neno "tafakuri". Kisha nikamwona Athumani ameketi, mikono juu ya magoti, mtu aliyekuja siku mbili kuharibu jina lake mwenyewe kwa nauli yake mwenyewe, na ile sentensi nikaiacha.

"Nilimwambia anyamaze," nikasema. "Nilimwambia hivyo shuleni, na Kibwezi, na njiani, na hapo chini kwenye kona ya mwisho. Niliogopa mtamrudisha Ndila."

Kelele zilizofuata sikuzisikia vizuri. Nilisikia "mwalimu!" mara nyingi, na si kwa heshima. Nilisikia pendekezo kuhusu mbuzi wangu. Halafu nikasikia sauti ya Ndila kutoka jikoni, si kubwa, ila ya mtu aliyezoea watoto hamsini.

"Baba, naomba kusema."

"Sema."

"Angalau sasa tunajua anaweza kusema kweli akisukumwa. Wengine walioniposa hata kusukumwa walikataa."

Mutindi alipiga makofi. Mzee Nzioka aliinamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika, na ilinichukua muda kujua kwamba alikuwa anacheka. Mzee wa kanisa akicheka, ukoo wa kanisa hauna budi kufuata.

Hukumu ilikuwa hivi. Athumani hakutozwa kitu, kwa kuwa mtu aliyejileta mwenyewe amekwisha kujitoza kwa njia aliyoitembea. Mimi nilitozwa mbuzi mmoja, kwa kosa la kushauri. Na asali mpya haingegawiwa na Nzioka, bali na sisi wawili, nyumba kwa nyumba, nyumba zote ishirini na tatu, Athumani akipima na mimi nikibeba, na kila mlangoni tueleze kwa nini tumekuja.

Mbuzi alichinjwa siku ile ile, na Mzee Nzioka akampa Athumani kisu.

"Chinja wewe," akamwambia, "ili ule na sisi. Sitaki mgeni wangu ale maharagwe na mimi nikila nyama."

Kwa hiyo mbuzi wa toba ya Mprotestanti alichinjwa kwa bismillahi, akabarikiwa kwa sala ya dakika kumi na tano ya kanisa letu, akaliwa na pande zote mbili. Sijui kama kuna mbuzi mwingine Mbooni aliyeagwa kwa heshima namna hiyo.

Ile safari ya nyumba ishirini na tatu ilituchukua siku moja na nusu. Mbooni ni mahali ambapo jirani yako yuko karibu kwa macho na mbali kwa magoti. Katika kila mlango Athumani alisema maneno yale yale, kwa sauti ile ile, kana kwamba ni mara ya kwanza. Wengine walimsikitikia. Mama mmoja kikongwe alimsikiliza mpaka mwisho akamwambia asali ya kwanza ilikuwa tamu zaidi, na kama ana nyingine ya sukari guru ampe hiyo.

Nyumba ya kumi na tisa ilikuwa ya Mutindi. Nyuma ya mlango palikuwa na mtungi uliofunikwa, na kutoka kwenye mtungi huo ilitoka sauti ndogo ya mapovu na harufu ambayo mzee wa kanisa hatakiwi kuijua. Athumani aliutazama mtungi. Mutindi alimtazama Athumani. Mimi nikatazama paa.

"Mwaitu," akasema Athumani kwa adabu, kama anavyoitwa mama kwetu, "fungu lako la kwanza lilikwenda wapi?"

"Nilikuwa na kikohozi," akasema Mutindi.

Watu husema kikohozi hakiambukizi kwa umbali. Kutoka Mutomo hadi Kikima ni safari ya siku mbili.

Nilimwona Athumani akipigana na nafsi yake. Kumwuzia asingemwuzia. Lakini hii haikuwa biashara; ilikuwa haki ya mtu, na haki ya mtu huikalii kiti cha hakimu. Akampimia fungu lake kamili, na kijiko juu.

"Hii ni yako," akasema. "Utakachofanya nayo ni yako pia. Mimi ningefurahi ukiila."

Mutindi alikaa kimya, na jikoni kwa Nzioka waliniambia baadaye kwamba hilo lilikuwa tukio. Kisha akachukua bakuli la uji, akamimina asali, akaila yote tukiwa tumesimama, akatufukuza.

Zaituni alikuwa amesema kweli. Tuliporudi, habari ilikuwa imetutangulia, na kama ilivyo desturi ya habari ilikuwa imepungua njiani. Mutomo ilijua jambo moja: asali ya Athumani ina sukari, na mwenyewe amekubali. Novemba hakuuza kithembe hata kimoja. Hata wenye kikohozi walipona. Gachanja alifika na lori lake, akanywa chai, akasimuliwa kisa chote, akaweka kikombe chini kwa shauku.

"Yenye sukari guru? Mzee! Hiyo ndiyo inachemka haraka! Iko wapi?"

"Imekwisha," akasema Athumani. "Ongeza mkate."

Shehe mmoja kutoka Kitui mjini, alipoisikia habari, alimweleza kwamba mwenye saumu anaruhusiwa kuonja kwa ulimi akatema, ikiwa ana haja. Athumani alimshukuru sana. Zaituni alimwuliza shehe kwa nini elimu hii haikupanda lori mapema kidogo.

Tulioana Desemba. Athumani alikuja, akakaa nje ya kanisa kwa saa tatu na nusu, maana ibada zetu hazina haraka, na wazee wa Kikima walitoka mmoja mmoja kwenda kumsalimu, mpaka mchungaji akauliza kama ibada iko ndani au nje. Januari kanisa la Kikima likaagiza asali ya mahari kwa harusi mbili. Kabla ya Pasaka zikawa tano, nyingine kutoka vijiji ambavyo sijavisikia. Mzee Nzioka alikuwa amekitoa kisa kile katika matangazo ya Jumapili, pamoja na habari za paa. Barua ya kwanza Athumani aliniletea nimsomee, ingawa kusoma alijua. Ilisema: "Lete asali. Kama ina kasoro, tueleze. Mwalimu si lazima aje."

Duka lile lilisimama miaka kumi na sita mingine. Serikali ilipopiga marufuku pombe za kienyeji, watu walimsifu Athumani kwa kuona mbali. Akasema hakuona mbali, aliona mtungi tu.

Alifariki mwaka wa 1993, Jumatano alfajiri, akazikwa baada ya adhuhuri siku ile ile. Sisi wa kanisa, ambao hatuwezi kumzika mtu bila kamati, tulichagua mwenyekiti, mweka hazina na katibu, na tulipofika tukakuta amekwisha kuzikwa. Tukaketi uani, kamati nzima, na Ndila pembeni yangu. Kaka wa marehemu alisimama, na kwa ajili yetu tuliochelewa akauliza tena kama kuna mtu yeyote anayemdai marehemu kitu, aseme, ili roho yake ipumzike.

Nikasimama, kwa mazoea ya kazi.

"Hadaiwi," nikasema. "Mimi ndiye ninayedaiwa. Nina mke kwa sababu mzee huyu alikataa kunisaidia kudanganya, na kwa miaka kumi na sita nimejaribu kumshukuru ipasavyo, na naona leo..."

"Mwalimu, kaa," akasema Zaituni kutoka mlangoni, macho mekundu. "Alijua. Kaa ule."

Ndila alinivuta shati. Nikakaa, nikala.